Filta ya Hewa ya Ndani ya Gari: Usiwaachie Wamwaga Oili

Nasema mapema na nitarudia: filta ya hewa ya ndani ya gari lako, usiwaachie wale wa gereji za kumwaga oili chapuchapu. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi na haihitaji hata spana. Mtego wao unategwa pale kijana mcheshi anapokujia na filta chafu mkono mmoja na skrini ya kutia saini mkono wa pili.

Naandika nikiwa Minnesota, Marekani. Jamaa zangu wa Texas na Massachusetts wananiambia kwao ni yaleyale.

Nyumbani wengi wetu hii filta hatukuijali. Gari likitoka Japani na kushuka Mombasa, fundi akiikuta imejaa vumbi huipuliza kwa kompresa na kuirudisha, au huitupa kabisa na kukwambia, "Boss, hii haina kazi." Kazi inayo. Inachuja hewa inayoingizwa ndani na feni ya AC na hita. Usiichanganye na ile ya injini iliyo chini ya boneti, maana hawa vijana wanapenda kukuletea zote mbili kwa pamoja, ukishtukia umelipia mbili.

Basi mtego unakwenda hivi. Umekuja na kuponi ya oili ya bei nafuu. Unaketishwa kwenye chumba cha kusubiri, kahawa ya bure ipo, runinga ipo, na gari lako hulioni. Baada ya muda kijana anatokea na filta imejaa majani na manyoya. Hasemi bei. Anasema, "Hii ndiyo hewa wanayovuta watoto wako." Watoto! Mzazi gani atabishana hapo? Unasema sawa, unatia saini, unaletewa bili.

Usiseme sawa. Kwanza, una uhakika gani kwamba hiyo filta imetoka kwenye gari lako? Pili, hata kama ni yako, filta zenye mkaa hutoka kiwandani zikiwa za kijivu au nyeusi. Weusi peke yake hauonyeshi kwamba imechakaa. Angalia kama mikunjo imeziba kwa taka, na uangalie ikiwa bado ndani ya gari, si mikononi mwa mtu.

Mimi nilitozwa karibu dola 80 eti nimebadilishiwa filta. Harufu mbaya ya hita haikuisha, na kioo cha mbele kiliendelea kupata ukungu kila asubuhi ya baridi. Nikaamua kushusha droo ya dashibodi mwenyewe. Filta ilikuwa ileile ya zamani, imefunikwa na pamba ya ile miti inayomwaga mbegu huku kila Juni, na kwenye kona moja panya alikuwa amejitengenezea kiota cha nyuzi za zulia na maganda ya karanga. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa umepita pale. Nilipowarudia, meneja hakutaka hata kuiona filta. Alinigeuzia skrini: "Saini yako hii hapa."

Kilichoniokoa ni kwamba nililipa kwa kadi ya mkopo. Nilipiga picha, nikaandikia kampuni ya kadi, wakanirudishia pesa. Laiti ningelipa taslimu, ningekuwa bado naimba. Kwa hiyo kwa gereji usiyoijua, lipa kwa kadi ya mkopo, na ukiona jambo halieleweki pinga malipo mapema. Sheria inakupa siku 60 tangu taarifa ya kadi ilipotumwa.

Binamu yangu mmoja, mtu mwema sana, bado ananiambia, "Marekani hawawezi kukuibia, wana sheria." Sheria zipo, ndugu yangu, lakini uzisome. Hapa Minnesota sheria ya matengenezo inakupa haki ya kudai makadirio ya bei kwa maandishi, na kurudishiwa spea ya zamani ukiiomba kabla kazi haijaanza. Lakini inahusu kazi ya zaidi ya dola 100 na chini ya 7,500. Filta peke yake kwa kawaida haifiki hapo. Iombe ile ya zamani hivyohivyo, kwa sauti, kabla hawajagusa gari. Pale Kirinyaga Road, Nairobi, fundi anaweza kukulaghai, lakini angalau umesimama begani kwake unamwona. Huku unaambiwa usivuke mstari wa njano kwa sababu ya bima, kisha unaombwa uamini kilichofanyika nyuma ya mstari.

Na sisi wenyewe tuna lawama. Jirani yangu ni daktari, na Jumamosi utamkuta amelala chini ya gari lake, oili hadi kwenye viwiko, wala hakuna anayemcheka. Sisi tukipata kazi ya ofisini tunaona haya kuonekana tumeshika bisibisi. Haya hiyo tunailipia.

Haya, kazi. Nunua filta kwenye duka la spea au mtandaoni, dola 10 hadi 25, kwa kutaja aina ya gari na mwaka wake. Kwenye Toyota na Honda nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, ambao huku ni kulia. Toa vitu, chomoa kile kimkono kinachoizuia droo isidondoke, bana kuta zake kwa ndani ishuke, fungua kifuniko cha plastiki, vuta filta. Piga picha kabla ya kuitoa. Mshale wa hewa (air flow) kwenye filta mpya ufuate mwendo wa hewa. Kwenye Toyota nyingi unatazama chini. Magari mengine huificha karibu na kanyagio la mafuta, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako.

Ukikuta mavi ya panya, usipulize wala usipige vakyumu. Vaa glavu na barakoa, lowesha kwa maji yenye jiki, ndipo ufute. Virusi vya hanta, vinavyobebwa na panya, si mchezo.

Vitabu vingi vya magari husema ubadilishe kila maili 15,000 hadi 30,000. Mimi huchungulia mapema zaidi, hasa tangu ule moshi wa mioto ya misitu ya Kanada ulipotufikia mwaka 2023. Na wakikutisha kwamba ukijifanyia mwenyewe waranti itakufa, waambie kuna sheria ya shirikisho ya 1975, Magnuson-Moss, inayokataza kukufungia waranti kwa spea au huduma zao za kulipia. Tunza risiti tu.

Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye fremu ya filta mpya. Siku ukiambiwa imechakaa, dai uonyeshwe tarehe hiyo.

Ukimaliza, washa feni hadi mwisho. Hewa ikiwa bado hafifu na filta ni mpya, huenda tatizo liko kwenye feni yenyewe au rezista yake, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya feni, na hapo tafuta fundi wa kweli, si wa kumwaga oili.