Jinsi ya kutafuta asili ya neno la Kiesperanto

Tangu Kongamano la Dunia la Kiesperanto, lugha ya kubuni iliyoundwa na Zamenhof, lilipofanyika Arusha mwaka 2024, vijana ninaowafundisha hawaishi kuniuliza: hili limetoka wapi, lile limetoka wapi? Nawaambia walimenye neno kwanza, kamusi baadaye.

Tuchukue edzino, yaani mke. Toa -o ya mwishoni. Hiyo ni alama ya nomino tu. Toa -in-, kiambishi cha kike. Inabaki edz-. Ukiirudishia -o unapata edzo, mume, na hapo utadhani mke ametokana na mume. Haya, tafuta mume katika lugha alizozijua Zamenhof: Kijerumani ni Mann, Kifaransa mari, Kirusi muzh. Hola.

Ukikwama hivyo, rudisha ulichokitoa, utafute neno zima. Kijerumani kina Kronprinzessin, mke wa mrithi wa ufalme. Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Białystok, mji ulioko Poland ya leo, alikozaliwa Zamenhof mwaka 1859, humwita mke wa rabi rebetsin. Tamka polepole: -etsin, -edzin. Mwenyewe alieleza asili yake kwa njia ya Kijerumani. Wapo wanaisimu wanaomtaja mke wa rabi. Mimi naona yote mawili yalikuwa kichwani mwake. Kwa vyovyote, edzo limekatwa kutoka edzino: safari hii mume ndiye aliyetoka ubavuni mwa mke!

Tumia sikio kuliko jicho. Ŝ husomwa sh, c ni ts, j ni y. Ŝtrumpo, soksi, ukilisikia tu unaijua Strumpf ya Kijerumani. Kaj, “na”, ni Kigiriki kitupu.

Kisha angalia umri wa neno. Liko katika Fundamento, kitabu cha msingi cha Kiesperanto cha 1905? Kama halimo, limeingizwa baadaye na huenda limetoka popote. Safario ni letu kabisa, ila limefika huko kwa kupitia lugha za Ulaya.

Na mi, yaani mimi? Darasani kwangu hilo hushangiliwa kabla sijamaliza kuliandika ubaoni. Lipime na ndugu zake: vi ni wewe au nyinyi, li ni yeye wa kiume, ni ni sisi. Hakuna hata moja linalokaribia Kiswahili, ilhali Kiitaliano kina mi na vi vilevile.