Kuruka juu zaidi: pima kwanza unachokosa

Wachezaji wawili wa mpira wa wavu wanaweza kugusa alama ileile ukutani, mmoja kwa nguvu za mapaja, mwingine kwa wepesi wa kano. Hao hawafai zoezi moja. Tafuta ukuta, chaki na futi kamba.

Pasha mwili moto dakika 10. Paka chaki vidoleni, simama ubavu ukutani, nyoosha mkono na uweke alama bila kuinua visigino. Mkono wa pili ukae kiunoni wakati wote. Ruka kwa namna tatu, kila moja mara tatu, ukigusa ukuta juu kabisa; kimo ni umbali kati ya alama mbili. Chukua mruko bora wa kila namna.

Kwanza, chuchumaa, tulia sekunde 3, kisha ruka bila kushuka tena. Hapa wengi hujidanganya: wanashuka kidogo kabla ya kuondoka, na kipimo kinaharibika. Mwenzako akurekodi kwa simu. Pili, ukiwa wima, shuka haraka na uruke papo hapo. Tatu, jiachie kutoka kwenye sanduku la sentimita 30 na uruke mara miguu inapogusa chini.

Mruko wa pili ukizidi wa kwanza kwa sentimita 2 au 3 tu, nguvu unazo ila kano hazikurushi. Ruka kamba, kisha fanya miruko mfululizo ya kugusa na kuondoka, seti 4 za miruko 5, siku mbili kwa wiki. Tumia nyasi au sakafu ya mbao. Mchanga wa ufukweni unameza mrusho wote.

Ukizidi kwa sentimita 8 au zaidi, nguvu ndizo haba. Chuchumaa na vyuma begani, seti 4 za mara 5, ukipumzika dakika 3. Asiye na vyuma abebe begi la mchanga na kuchuchumaa kwa mguu mmoja, wa nyuma ukiwa juu ya benchi.

Wa tatu ukiwa chini ya wa pili, miguu haijaweza kupokea kishindo. Shuka hadi sanduku la sentimita 15 na ujifunze kutua tu, bila kelele, magoti yasiingie ndani.

Kimo kikianza kupungua, acha kuruka siku hiyo. Miruko ya uchovu hufundisha mwili kwenda polepole. Maumivu chini kidogo ya kifupa cha goti ni dalili ya kano iliyozidiwa, kwa hiyo punguza miruko mara moja. Baada ya wiki 6 rudia vipimo vyote vitatu kwa viatu vilevile, maana udhaifu huwa umehama.