SOMO: Kupima utando wa marumaru ya kale kabla hujashika brashi

Ule utando wa kahawia au rangi ya chungwa kwenye hekalu la Parthenon la Athens au Nguzo ya Trajan huko Roma, wengi huuita uchafu. Mara nyingi ni oksalati ya kalisi (chumvi ya kalisi na asidi ya oksaliki), na chini yake alama za patasi huenda bado zipo. Mwaka 1937–38 baadhi ya sanamu za Parthenon zilizoko British Museum zilikwanguliwa kwa zana za shaba ili ziwe nyeupe. Kilichotoka hakirudi.

1. Chora ramani. Mvua inapiga wapi, wapi pamekingwa? Gamba jeusi hukaa palipokingwa: gesi ya dioksidi ya salfa hugeuza kalsaiti (madini yanayounda marumaru) kuwa jasi, nayo jasi hunasa masizi.

2. Chukua kipande kisichozidi milimita moja, ukingoni mwa ufa uliokwishakuwepo, chenye tabaka zote hadi kwenye jiwe. Unga wa kukwangua huchanganya kila kitu.

3. Kigandishe ndani ya resini (gundi inayokauka ikawa ngumu), kisha kata na upige msasa BILA MAJI. Lita moja ya maji huyeyusha gramu mbili na ushei za jasi. Mimi nimewahi kuosha tabaka zima hivyo, kisha nikaandika kwamba jasi haikuwepo!

4. Hadubini: hesabu tabaka.

5. Infraredi (mwanga usioonekana; kila madini hufyonza mawimbi yake): oksalati huonekana karibu na mawimbi 1,620 na 1,320 kwa sentimita, kalsaiti 1,420 na 875, jasi 1,115.

MASWALI

*Mwalimu, oksalati hiyo ilitoka wapi?*
Ubishi wa siku nyingi. Liebig, mwanakemia Mjerumani, aliitambua kwenye Parthenon tangu 1853. Wengine husema ni asidi ya likeni (kuvu na mwani wanaoota pamoja juu ya mawe), wengine ni mafuta, yai au maziwa yaliyopakwa zamani yakaoza. Fosforasi huelekeza kwenye yai au maziwa, ila hata mavi ya ndege yanayo. Mimi huamini zaidi umbo: tabaka sawasawa lenye chembe za rangi ni dalili ya mkono wa mtu, vishimo vilivyotafunwa kwenye jiwe ni dalili ya likeni.

*Tone la asidi halitoshi, nione povu?*
Povu litakuambia kuna kalsaiti, jambo unalolijua tayari: ni marumaru. Na utakuwa umelitoboa jiwe.