Kampala kwa miguu: kutoka Bulange hadi Lubiri

Wageni wengi Kampala hupanda boda hadi Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, wakapiga picha, wakarudi. Mimi nakushauri uanzie Mengo. Ni mwendo mfupi, ila usiufanye saa saba mchana.

Hatua ya 1. Anzia Bulange, jengo la Lukiiko, bunge la Buganda, lililokamilika 1958. Ukitoka, geuka utazame: barabara imenyooka hadi ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda.

Hatua ya 2. Shuka na Kabaka Anjagala, yaani "Kabaka ananipenda". Hapa nenda polepole, kwani kandoni zimesimama nembo za koo: simba, kamongo, panzi senene. Wa ukoo wa senene hali senene, wala haoi ndani ya ukoo wake.

Hatua ya 3. Kipilefti. Magari yote yanazunguka. Katikati kuna geti, nalo hufunguliwa Kabaka akipita tu, yeye hazunguki. Mimi ndipo nilipoelewa ufalme ni nini, kuliko maelezo yote ya waongozaji.

Hatua ya 4. Lubiri, ndiyo ikulu yenyewe. Lipia getini, uchukue mwongozaji. Jumba la Twekobe utaliona kwa nje. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia hapa. Kabaka Muteesa II akatoroka, akafia London 1969. Ufalme ulifutwa, ukarudishwa 1993. Bondeni kuna mahandaki ya saruji ambayo Amin aliyageuza gereza. Ukiwa na watoto, waache juu.

MASWALI

– Kwa hiyo Kasubi niiache?
Usiiache, ndugu yangu. Wamezikwa Makabaka wanne pale, kuanzia Muteesa I. Nyumba kuu iliungua Machi 2010, ikajengwa upya. Ila ni mbali na Mengo, hapo sasa panda boda.

– Mimi ni mwanamke, nivae suruali?
Dada, beba kanga ya kujifunga kiunoni. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia nyumba ya makaburi.

– Kiswahili kitanifikisha?
Kwa vijana na madereva, mara nyingi ndiyo. Kwa wazee anza na Kiganda: "Wasuze otya, ssebo", yaani "umelalaje, bwana", asubuhi, na kwa mama sema "nnyabo" badala ya "ssebo". Wapo ambao Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari wa Amin.