Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Mara Kuona Ilikorekodiwa Big Cat Diary

Wengi wetu huku Kisumu na Kisii tuliokua tukitazama Big Cat Diary, kipindi cha BBC kilichoanza mwaka 1996 kikifuatilia maisha ya simba, chui na duma wa Maasai Mara, tumekuwa tukidhani kwamba safari ya kwenda kuona kilikorekodiwa haihitaji zaidi ya gari na siku mbili za mapumziko, maana Mara si mbali nasi kama ilivyo Mombasa. Safari yangu ya kwanza nilikwenda na dhana hiyo hiyo. Tulipitia Kisii, Kilgoris na Lolgorian, tukateremka ukuta wa Siria, ule mteremko mkali ulio magharibi mwa Mara, tukalipa katika Lango la Oloololo, na kufikia saa nne asubuhi tulikuwa tumeegesha ukingoni mwa Mto Mara tukimwuliza askari wa wanyamapori kinamasi cha Musiara, makao ya simba wa kipindi kile, kiko wapi. Alinyoosha fimbo kuelekea upande wa pili, juu ya migongo ya viboko waliojazana majini kama mawe ya kufulia nguo. "Ndugu zangu, ni kule ng'ambo," akasema. "Na daraja liko chini kabisa, Purungat, karibu na mpaka wa Tanzania."

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua, hata kabla ya kutafuta gari, ni upande gani wa mto unaotaka kufika. Sehemu ya magharibi, inayojulikana kama Pembetatu ya Mara, imekuwa chini ya usimamizi wa shirika la Mara Conservancy tangu 2001, ilhali upande wa mashariki unasimamiwa na Kaunti ya Narok, na ni huko mashariki kilipo kinamasi ambacho kundi maarufu la simba wa kipindi kile lilipewa jina lake. Anayetoka Kisumu na shabaha yake ni Musiara atanufaika zaidi akipitia Kericho, Bomet na Mulot, kisha akakata kona Ngorengore na kufuata njia ya Lemek, Aitong na Mara Rianda hadi Lango la Musiara. Njia hiyo haina mandhari ya kupendeza kama ya kushuka Siria, lakini itakufikisha unakokwenda. Ukitaka kuona pande zote mbili, uliza mapema kama tiketi ya upande mmoja inakuruhusu kuvuka kwenda wa pili.

Wapenzi wa chui wana tatizo lao la pekee. Korongo lenye miamba na mitini ambamo Half-Tail, chui jike wa kipindi kile, na bintiye Zawadi walizoea kuonekana haliko ndani ya hifadhi ya taifa ya Mara bali katika eneo la Mara North, ambalo ni ardhi ya Wamaasai iliyokodishwa kwa ajili ya wanyamapori, na wanaoruhusiwa kulizunguka ni wageni waliolala katika kambi zake. Tiketi ya hifadhi haikuingizi huko. Nimewahi kuona familia moja ikirudishwa na watoto wakilia ndani ya gari, na sikuona kosa la mlinzi aliyewarudisha.

Kuhusu majira, sababu iliyowafanya wapiga picha waipende Musiara ndiyo inayopaswa kukuongoza nawe. Kinamasi hulishwa na chemchemi, hivyo wakati nyanda nyingine zimekauka, pale bado pana maji na majani mabichi. Wanyama wala majani husogea huko, nao simba hawana haja ya kwenda mbali. Kuanzia Julai hadi Oktoba kuna nyumbu waliotoka Serengeti pia. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nyasi hurefuka kiasi cha kumficha simba aliyelala hatua chache kutoka barabarani, na udongo mweusi ulioloa hushika magurudumu hadi gari dogo likakaa kwa tumbo. Gari la fowili lenye dereva aliyezoea tope ni gharama ambayo sishauri mtu yeyote aikwepe, hata wale wanaojigamba kwamba gari lao limewahi kufika Kakamega kwenye mvua.

Halafu kuna suala la matarajio, na hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Ulichokitazama kwa nusu saa sebuleni kilikuwa matunda ya wiki nyingi za kungoja, na magari kadhaa yaliyoarifiana kwa redio kila mnyama alipoonekana. Wewe utakuwa na gari moja na tiketi ya siku ya saa 12, inayoanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni. Tena wanyama wenyewe hawapo. Simba wa porini akiishi miaka 14 ameishi sana, kwa hiyo hata wale wa vipindi vya mwisho, mwaka 2008, wamekwisha. Bibi, simba jike aliyejulikana kwa watazamaji wengi, alikufa Desemba 2015 akiwa na umri wa miaka 17, baada ya kundi lake kuwekewa sumu kufuatia ng'ombe kuuawa. Utakaowaona, ukibahatika, ni wa vizazi vya baadaye.

Watazamaji wanaomkumbuka duma aliyeitwa Kike akipanda juu ya gari la Jonathan Scott, mtangazaji wa kipindi, na kujisaidia kupitia tundu la paa wasimshawishi dereva awakaribie duma ili nao wapate kisa. Kanuni inataka magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, yakae umbali wa mita 25 na yasitoke barabarani, na faini hutozwa kweli.

Beba kitambulisho, kwa kuwa bila hicho hutalipa kiwango cha raia, na uweke pesa kwenye simu au kadi ungali mjini, maana mtandao wa langoni haufai kutegemewa. Chukua sweta nzito pia. Sisi wa ziwani huwa hatuamini baridi ya Mara saa kumi na mbili asubuhi mpaka meno yaanze kugongana.

La mwisho halihitaji fedha. Kabla ya kuondoka, tazama tena sehemu moja au mbili za kipindi, lakini safari hii usimtazame simba, tazama nyuma yake. Mara nyingi utaona ukuta mrefu wa samawati ukiziba upeo wa macho. Huo ndio Siria, na uko magharibi. Ukiuona hivyo, mbali na umefifia, jua kwamba aliyepiga picha alikuwa mashariki ya mto, upande wa Musiara. Sisi siku ile tulikuwa tumetoka kuushuka muda mfupi uliopita, mawe yake tukiweza kuyahesabu.