Namna ya kuamua shindano la picha la klabu, kuanzia faili hadi maoni

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeombwa kuwa jaji wa shindano la ndani la klabu ya wapiga picha: tuseme wanachama 30, kila mmoja na picha mbili, jioni moja. Hukuitwa kutafuta picha unayoipenda. Umeitwa kuhakikisha picha ya kwanza na ya 60 zimepimwa kwa kipimo kilekile, na hilo hutegemea sana maandalizi.

Hatua ya 1: Pata masharti kwa maandishi

Muulize katibu: kuna makundi gani, uhariri unaruhusiwa hadi wapi, picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba zinakubaliwa au la, na alama ni kati ya ngapi na ngapi. Ugomvi mwingi huzuka kwenye kundi la viumbe na mazingira asilia, kwa hiyo soma fasili yake mapema. Klabu nyingi hufuata fasili ya pamoja ya FIAP (shirikisho la kimataifa la sanaa ya upigaji picha), PSA (chama cha wapiga picha cha Marekani) na RPS (chama cha kifalme cha upigaji picha cha Uingereza). Kwa fasili hiyo, wanyama wa kufugwa na mimea ya kupandwa hawaingii: punda wa Lamu na mikarafuu ya shambani Pemba watafutiwe kundi jingine, hata picha iwe nzuri kiasi gani. Simba mwenye kola ya redio ya watafiti anaruhusiwa. Kupunguza kingo za picha na kufuta madoa ya vumbi la sensa ya kamera (sehemu inayonasa mwanga) ni ruhusa. Kufuta tawi lililokaa vibaya ni marufuku. Kuunganisha picha zilizopigwa mfululizo ziwe panorama kulikatazwa zamani, ila sasa kunaruhusiwa.

Hatua ya 2: Kagua faili kabla ya siku yenyewe

Kama projekta ni ya pikseli 1920 kwa 1080, omba JPEG ya sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini) isiyozidi vipimo hivyo. Picha ya wima nayo isizidi 1080 kwenda juu. Faili ya Adobe RGB (mfumo wenye upana mkubwa zaidi wa rangi) ikifunguliwa na programu isiyosoma wasifu wa rangi hutoka imepauka, na mpiga picha akapoteza alama kwa kosa lisilohusu jicho lake.

Tatizo kubwa huku kwetu ni WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa: anga linatoka na vipande vya mraba, nywele na mchanga vinakuwa kama uji. Waambie washiriki watume kama dokumenti au kwa barua pepe. Katibu abadilishe majina ya faili kuwa namba na abaki na orodha peke yake. Picha yenye jina la mpigaji kwenye kona irudishwe ikasafishwe kabla ya muda wa mwisho.

Hatua ya 3: Pima projekta

Iwashe nusu saa kabla. Zima mtindo wa kuonyesha unaokoleza rangi, kisha onyesha ngazi za kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Lazima utofautishe ngazi mbili za mwisho kila upande. Hatua hii usiiruke. Chukua picha ya mzee mwenye ngozi nyeusi, kanzu nyeupe na kofia, amesimama juani. Projekta ikimeza vivuli, uso chini ya kofia unakuwa doa moja jeusi. Ikipitiliza mwanga, nyuzi na mikunjo ya kanzu inapotea. Jaji asiyejua atamlaumu mpiga picha kwa kupima mwanga vibaya, kumbe kwenye faili kila kitu kipo. Ukitilia shaka, fungua faili hiyo kwenye kompyuta uangalie histogramu, yaani mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga na giza kwenye picha.

Picha zilizochapishwa ziangaliwe chini ya taa za aina moja, zenye mwanga mweupe kama wa mchana, takriban kelvini 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga). Balbu ya manjano upande mmoja na dirisha upande mwingine huharibu kila kitu.

Hatua ya 4: Zipitie zote bila kutoa alama

Sekunde tano kwa kila picha. Picha 60 zinaisha kwa dakika tano. Bila mzunguko huu, jaji huogopa kumpa wa kwanza alama za juu kwa kuwa hajui yanayokuja, na namba 3 inaumia kwa sababu ya foleni tu.

Hatua ya 5: Toa alama

Kwa alama 20, mgawanyo unaofaa ni 8 za wazo na mguso, 7 za mpangilio na mwanga, 5 za ufundi. Ufundi ukipewa nusu, picha safi kiufundi isiyosema kitu itashinda kila mwezi. Tumia upana wote wa alama. Jaji anayewapa wote 15 au 16 hajaamua.

Ngalawa wakati wa machweo utaiona mara nyingi. Usiiadhibu kwa kuwa imezoeleka, ila itazame kwa ukali. Mstari wa bahari umenyooka? Tanga limekaa wazi angani, au limeshikana na mitende ya ufukweni? Jua limeungua likawa doa jeupe lenye pete za rangi kuzunguka? Ncha ya tanga imegusa ukingo wa picha?

Majaji wakiwa watatu, kila mmoja aandike kabla ya yeyote kusema neno. Wakitofautiana kwa alama 5 au zaidi, picha irudishwe na kila mmoja aseme sababu. Pumzikeni baada ya picha ya 30, na mkimaliza rudieni tano za mwanzo.

Hatua ya 6: Omba faili asili za picha kumi bora

Katibu ndiye aombe. Zilinganishe na zilizoshindanishwa, ukitafuta dalili za uhariri uliokatazwa: mawingu yanayojirudia, vivuli vinavyoelekea pande tofauti. Mpigaji wa simu asidaiwe RAW (faili ghafi ya kamera, isiyochakatwa). Faili iliyotoka kwenye simu yake inatosha.

Hatua ya 7: Maoni

Sekunde 40 zinatosha: kinachoishikilia picha, kinachoidhoofisha, na jambo moja la kufanya. Kwa mfano: "Mwanga wa pembeni umeuchora vizuri uso wa muuza samaki. Ila macho yanakimbilia kwanza kwenye ndoo ya njano kulia. Punguza upande huo hadi kwenye nguzo." Zungumzia kilichomo kwenye picha, "mimi ningesimama kule" haimsaidii mtu ambaye tukio lake limeshapita.

Karatasi ya alama isainiwe na kukabidhiwa kwa katibu kabla orodha ya majina haijafunguliwa. Majina yakishasomwa, alama haibadilishwi, hata nusu.