Kuwasha na kuendesha injini kuu ya meli: kuanzia gia ya kuzungushia hadi kuzima

Mwongozo huu ni wa wanaoanza kushika zamu kwenye chumba cha mashine. Ninazungumzia injini kubwa ya dizeli ya mipigo miwili, iliyoungwa moja kwa moja na shafti ya rafadha. Injini ya namna hii haina klachi wala giaboksi. Ikizunguka, rafadha nayo inazunguka, na meli ikitakiwa kurudi nyuma, injini yenyewe husimamishwa kisha huwashwa kinyume. Liweke hilo kichwani, maana tahadhari nyingi zilizo hapa chini zimetokana nalo. Kitabu cha mtengenezaji wa injini yako kikitofautiana nami, fuata kitabu.

Hatua ya 1: Pasha joto mapema

Maji ya koti (yanayozunguka silinda) yaanze kupashwa saa kadhaa kabla ya safari, yafike angalau nyuzi 50, na bora zaidi 60 na kitu. Pistoni hutanuka upesi kuliko silinda iliyoizunguka. Ukiibebesha injini mzigo ikiwa baridi, vyuma vitakwanguana, na mkwaruzo wa ndani ya silinda haufutiki.

Kama unatumia mafuta mazito, yaangalie kwa mnato, usiyaangalie kwa joto peke yake. Kwenye mlango wa injini tunataka sentistoki (kipimo cha mnato) 10 hadi 15, na kwa mafuta mengi hiyo inamaanisha nyuzi 120 hadi 140. Tangu 1 Januari 2020 kiwango cha salfa kinachoruhusiwa duniani ni asilimia 0.50, na katika maeneo maalumu ya udhibiti ni asilimia 0.10, kwa hiyo siku hizi kubadilisha mafuta safarini ni kazi ya kawaida. Fanya polepole: joto lisibadilike zaidi ya nyuzi 2 kwa dakika. Nafasi kati ya planja (kijiti kinachosukuma mafuta) na pipa lake ndani ya pampu ya mafuta ni nyembamba kuliko unywele. Ukiishtua kwa baridi au joto la ghafla, itakwama, na mara nyingi hukwama ukiwa kwenye mlango wa bandari.

Hatua ya 2: Oili itangulie

Washa pampu ya oili, kisha usiridhike na geji tu. Tembea. Angalia vioo vya kuonea mtiririko, sikiliza, gusa mabomba. Hakikisha na oili ya silinda inafika, kwa kuwa ina mfumo wake peke yake. Halafu piga simu darajani (meli inakoongozewa) uombe ruhusa ya kuzungusha injini. Hata kwa gia ya kuzungushia (gia ya mota inayozungusha injini polepole sana), rafadha inasogea huko majini, na huenda kuna mpiga mbizi au boti ndogo karibu na tezi (nyuma ya meli) ambayo wewe uliye chini huioni.

Hatua ya 3: Zungusha kwa gia, koki za indiketa zikiwa wazi

Hapa usikimbizwe na mtu. Fungua koki zote za indiketa (vali ndogo za juu ya kila silinda, zinazotoa nje kilichomo ndani), ingiza gia ya kuzungushia, izungushe injini angalau mzunguko mmoja kamili, na ikiwezekana iache izunguke dakika kumi au kumi na tano. Wakati huo una kazi mbili: jicho moja kwenye ampea za mota ya gia, jingine kwenye koki.

Ampea zinapaswa kupanda na kushuka kwa mpangilio uleule kila mzunguko. Zikiruka ghafla, kuna kitu kinazuia. Simamisha kwanza, uliza baadaye.

Koki ndizo zinazokuonyesha kilichomo juu ya pistoni. Nikiwa mhandisi wa tatu, nilishika kitambaa cheupe nikakipitisha koki moja baada ya nyingine. Ya kwanza, ya pili, ya tatu: masizi makavu. Ya nne ikatema matone matatu. Dawa ya maji yetu ya koti ilikuwa na rangi ya waridi, na kitambaa kikawa na madoa ya waridi. Nikamwita mhandisi mkuu.

"Chifu, namba nne ina maji."

Alikiangalia kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba, akachukua simu ya darajani: "Nahodha, hatutoki." Kelele zilizofuata sitazisimulia. Tulipofungua tulikuta ufa kwenye kifuniko cha silinda. Maji hayabanwi. Kama tungepiga stati (kuwasha injini) koki zikiwa zimefungwa, na kikombe kimoja tu cha maji kimetuama juu ya pistoni, tungekuwa tunazungumzia vyuma vilivyopinda badala ya kuchelewa saa chache.

Ukimaliza, toa gia na ufunge kishikio chake. Injini nyingi zina kizuizi kinachokatalia hewa ya kuwashia gia ikiwa bado imeingia, lakini mimi huenda kuiona kwa macho yangu. Kizuizi nacho ni chombo, na chombo huharibika.

Hatua ya 4: Hewa ya kuwashia

Injini hii huwashwa kwa hewa iliyobanwa, kwa hiyo mitungi ya hewa iwe kati ya bar 25 na 30. Fungua koki za chini utoe maji na oili hadi itoke hewa kavu. Watu huidharau kazi hii kwa sababu ni chafu na haina sifa, lakini oili ikijikusanya kwenye bomba la hewa ya kuwashia inakuwa baruti inayosubiri kiberiti. Kiberiti chenyewe ni vali ya kuwashia inayovuja, inayorudisha moto wa silinda kwenye bomba.

Kanuni zinataka mitungi iweze kuwasha injini inayogeuka mara 12 mfululizo, mbele na nyuma kwa kupokezana, bila kujazwa. Yajue matumizi ya meli yako kwa kuhesabu siku ya utulivu: kila stati inakula bar ngapi?

Hatua ya 5: Puliza, kisha jaribu

Koki za indiketa zikiwa bado wazi, omba ruhusa tena darajani, kamba zikazwe na ngazi ya abiria iangaliwe, kisha izungushe injini polepole kwa hewa pasipo mafuta. Usisimame mbele ya koki. Ikitoka hewa kavu, zifunge zote, uzihesabu. Washa kwa mafuta kidogo mbele, simamisha, washa nyuma. Injini ikisimama zaidi ya nusu saa baada ya hapo, ipulize upya kabla ya stati nyingine.

Usukani ujaribiwe ndani ya saa 12 kabla ya kuondoka. Toka nyuzi 35 upande mmoja hadi 30 upande wa pili isizidi sekunde 28 wakati meli iko mwendo kamili. Gatini utaona ni mwepesi zaidi, lakini msikilize aliye kwenye chumba cha usukani: pampu zote mbili zijaribiwe kwa zamu.

Hatua ya 6: Maneva

Meli inapoingia au kutoka bandarini, jenereta ya ziada iwe kazini, kompresa zote tayari, na mtu awe karibu na jukwaa la kuendeshea papo kwa papo endapo udhibiti wa darajani utagoma. Kila amri ya telegrafu (chombo kinacholeta amri za mwendo kutoka darajani) irudiwe na iandikwe.

Katika maneva nina desturi moja: kila baada ya stati chache, pita ukiguse kwa nyuma ya mkono kila kitawi cha bomba la hewa karibu na silinda. Vyote viwe na joto linalolingana na la chumba. Kimoja kikiwa cha moto, vali ya silinda ile inavuja. Iarifu daraja, ikate mafuta silinda hiyo, na umwite mkuu wako.

Hatua ya 7: Kupandisha mwendo

Kwenye takometa utaona eneo jekundu. Humo mtikisiko wa kujipinda wa shafti hukuzwa na mipigo ya injini yenyewe. Pita humo haraka, usikae hata kama nahodha anautaka mwendo huo hasa. Mwambie achague chini yake au juu yake. Ukishalivuka eneo hilo, rudi kwenye upole: kutoka mwendo wa bandarini hadi mwendo wa baharini, injini kubwa huhitaji nusu saa au zaidi.

Linganisha joto la moshi wa kila silinda na wastani wa zote. Namba moja peke yake haisemi kitu. Silinda iliyozoea kuwa nyuzi 10 juu ya wastani haina neno, ila ile iliyokuwa chini jana na leo imepanda ndiyo ya kufuatilia.

Hatua ya 8: Alamu mbili za kuogopa

Ukungu wa oili kwenye kasha la kranki (sehemu ya chini ya injini inayofunika shafti ya kranki). Beringi ikipata moto, oili hugeuka mvuke, mvuke ukapoa ukawa ukungu unaolipuka. Punguza mwendo mara moja, arifu daraja, simamisha pale hali ya meli inaporuhusu, na ondoa watu wote upande wa milango ya kasha. Pampu ya oili iendelee. Milango isifunguliwe kabla ya dakika 20 kupita tangu injini isimame, au zaidi kitabu kikisema hivyo. Ukifungua mapema unaleta hewa, na ndiyo iliyokuwa imekosekana. Mwaka 1947, mlipuko wa kasha la kranki kwenye meli ya Reina del Pacifico uliua watu 28.

Moto kwenye boksi la skavenji (chumba cha hewa inayoingia kwenye silinda). Moshi wa silinda moja unapanda joto, turbochaja (feni inayosukuma hewa kwenye injini) inabweka, rangi ya boksi inafura. Punguza mwendo, kata mafuta ya silinda hiyo, ongeza oili yake ya silinda, na usifungue mlango hadi papoe. Chanzo mara nyingi ni mabomba ya kutolea uchafu yaliyoziba, kwa hiyo yaguse kila zamu. Bomba lililo baridi kabisa limeziba.

Hatua ya 9: Kuzima

Daraja likisema kazi ya injini imekwisha, funga vali kuu ya hewa ya kuwashia, fungua koki za indiketa, ingiza gia na uzungushe. Pampu ya oili na maji ya koti viendelee, oili angalau dakika 20, ili joto la pistoni liondolewe taratibu. Kisha tundika kibao kwenye kishikio cha kuwashia kuwa gia imeingia, na umwambie kwa mdomo anayekupokea zamu.